Ng'ombe Hawakurudi

Mume na mke wakiachana kabisa, kwa talaka ya korti yenye muhuri, kisha baada ya miaka wakaamua kuoana tena wao kwa wao, je, waalikwa walete zawadi mara ya pili? Vitabu vya adabu vya Ulaya na Marekani vina jibu fupi: aliyetoa mara ya kwanza hadaiwi tena, akipenda, alete kitu kidogo au kadi ya pongezi. Kule jibu hilo linaeleweka. Zawadi ya harusi kule, kwa kawaida, ni ya kuwasaidia maharusi kuanzisha nyumba, na nyumba ikishaanzishwa imeanzishwa. Kwetu mambo si rahisi hivyo. Zawadi zetu haziendi zote kwa maharusi. Nyingine huenda kwa baba, kwa mama, kwa mashangazi na kwa wazee wa ukoo, na kazi yake si kununua vyombo. Kazi yake ni kuwafanya watu wawe wakwe.

Nimekuwa nikilifuatilia swali hili tangu lilipoletwa mbele ya kamati moja ya harusi hapa Kitengela, ambako nilikuwa mweka hazina. Maharusi wenyewe sitawataja. Itoshe kusema kwamba bwana ni Mmaasai wa upande wa Isinya, bibi ni Mkamba wa Machakos. Walioana mwaka 2006, kwanza kwa mila, halafu mbele ya mkuu wa wilaya. Waliachana kortini baada ya miaka kumi. Mungu anajua kilichowarudisha pamoja, sisi tuliona tu kwamba kanta iliyohamisha vitu vya mama watoto siku moja ilikuja tena, ikiwa na vitu vile vile, ikielekea upande wa pili.

Kikundi cha WhatsApp kilipofunguliwa kwa ajili ya mchango, ubishi ulianza siku hiyo hiyo. Mmoja aliandika kwamba yeye alishatoa 2006, hesabu yake imefungwa. Mwingine akasema atatoa zaidi kuliko ile mara ya kwanza, kwa maana kurudiana ni kazi ngumu kuliko kuoana. Wa tatu akauliza kama ile seti ya sufuria aliyoleta bado ipo, ndio ajue pa kuanzia. Halafu shangazi wa bwana, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, akatuma ujumbe wa sauti akiuliza tunazungumzia harusi gani. Yeye hajui talaka yoyote. Ng'ombe walienda Machakos, na ng'ombe hawakurudi.

Kikundi kilinyamaza kidogo. Mimi niliona kwamba huyo mama amegusa kiini cha jambo lote. Sisi tulikuwa tunauliza kama zawadi itolewe mara ya pili. Yeye alikuwa anauliza ile ya kwanza iliishia wapi.

Kitengela ni mahali pazuri pa kuulizia swali kama hilo, kwa sababu hapa hakuna mila moja ya kulijibu. Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Namanga, ukavuka Athi River, umefika. Ardhi hii ilikuwa ranchi ya kikundi chini ya sheria ya mwaka 1968, ikagawanywa katika miaka ya 1980, kila familia ikapata hati yake, na wengi wakauza vipande kimoja baada ya kingine. Viwanda vya EPZ vilipoanza Athi River katika miaka ya 1990, wafanyakazi walihitaji pa kulala, na mji ukakua kwa kasi ya mabati. Sensa ya mwaka 2019 ilikuta zaidi ya watu 150,000. Katika ploti moja ya vyumba kumi utakuta Mkamba, Mkisii, Mluhya, Mkikuyu, Mjaluo, na mwenye ploti ni Mmaasai. Kila mmoja ana wazee wake kijijini wenye jibu lao.

Tuanze na wenyeji. Kwa Wamaasai, mnyama aliyetolewa hugeuka kuwa jina. Wawili waliopeana ng'ombe dume huitana pakiteng. Waliopeana kondoo huitana pakerr, waliopeana mbuzi huitana pakine, waliopeana ndama huitana paashe. Bibi harusi anapoingia boma la mumewe hupewa mifugo na watu wa boma, na kuanzia hapo huwaita kwa zile zawadi walizompa. Kondoo mwenyewe anaweza kuliwa na fisi wiki ijayo, lakini jina litabaki. Sasa fikiria mwanamke huyo amekasirika, amerudi kwa baba yake miaka mitano. Siku akirejea, yule mzee wa pakerr ni nani kwake? Ni pakerr. Hakuna aliyelifuta hilo jina, na hakuna haja ya kondoo wa pili ili litamkwe.

Wamaasai wana neno kitala, la mwanamke anayekimbilia kwa baba yake baada ya kuteswa sana. Hapo ndipo pande mbili huketi kuzungumza juu ya watoto na juu ya mahari, kama yatarudishwa au la. Kukimbia peke yake hakumalizi ndoa. Mume anayemtaka mkewe huenda kwa wakwe na wazee wake, anasikiliza anayopaswa kusikia, na hatakiwi kwenda mikono mitupu. Anachobeba siku hiyo si mahari mapya, bali ni cha kufungulia mazungumzo. Ukichanganya vitu hivyo viwili umeharibu, kwa maana ukipeleka mahari mapya unakiri kwamba yale ya zamani yalikufa.

Kwa Wakamba mlango ni ntheo, wale mbuzi wanaopelekwa kwanza kwa wazazi wa msichana. Mengine yote yanaweza kungoja miaka, ntheo haingoji. Hata leo mirathi ikibishaniwa kortini na upande mmoja ukidai kuwepo ndoa ya Kikamba, swali la mbuzi hao huulizwa mapema: walipelekwa na nani, lini, nani aliona? Wakikuyu nao hupenda kusema kwamba ruracio haiishi, na kuna wazee wenye wajukuu ambao bado wanakwenda kukamilisha ngurario. Msikilizaji wa nje hudhani ni deni lisilolipika. Ukilitazama vizuri utaona ni njia ya kuhakikisha kwamba familia hizi mbili hazimalizani.

Eugene Cotran, aliyekusanya sheria za ndoa na talaka za jamii mbalimbali za Kenya na kuzichapisha mwaka 1968, alilazimika kulifuatilia suala hili kabila kwa kabila: ndoa ikivunjika, mahari yarudi kiasi gani, watoto wakatwe vipi kwenye hesabu. Hesabu zinatofautiana, wazo ni lile lile. Talaka haikuwa karatasi. Talaka ilikuwa mifugo ikitembea barabarani kurudi ilikotoka, mchana, majirani wakiona. Kama mifugo haijatembea, hakuna jambo lililoisha, na mume na mke wakirudiana hawaoani upya. Wanarudi nyumbani.

Hapo utaelewa shangazi wa Isinya alikuwa anasema nini.

Waislamu wana jibu lililo wazi zaidi kuliko yote, na nimelisikia likielezwa kwa dakika tano na jirani yangu anayeuza vitambaa karibu na msikiti. Mahari katika Uislamu ni mali ya mke mwenyewe, si ya baba yake. Mume akitoa talaka ya kwanza au ya pili, mke hukaa eda, ambayo kwa mwanamke asiye na mimba na anayepata hedhi ni karibu miezi mitatu. Mume akimrejea ndani ya eda, ndoa ni ile ile: hakuna nikaha mpya, hakuna mahari mapya. Eda ikiisha kabla hajamrejea, wakitaka kurudiana ni lazima mke akubali upya, nikaha ifungwe upya mbele ya mashahidi, na mahari mapya yatolewe, na hayo pia ni yake. Ikifika talaka ya tatu, hawezi kumwoa tena mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, na ndoa hiyo nayo iishe kwa njia yake. Hapa anayeamua kama zawadi irudiwe ni kalenda. Siku moja kabla ya eda kuisha, mume hadaiwi kitu. Siku moja baadaye, anadaiwa mahari kamili. Ukali huo una faida: mwanamke anajua daima yuko upande gani wa mstari.

Sisi wengine tulipotezwa mstari huo mwaka 1917, katika kesi moja ambayo wanafunzi wa sheria nchini Kenya huisoma mpaka leo, kesi ya Amkeyo. Mshtakiwa huyo alikuwa na mke wa ndoa ya kimila, na swali lilikuwa kama mke huyo alindwe na ile kanuni ya kutomlazimisha mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Jaji Mkuu Robert Hamilton akaamua hapana. Kwa maoni yake, muungano ule wa mahari ulifanana zaidi na ununuzi wa mke kuliko ndoa. Yaani kitu kile kile ambacho wazee walikiona kama kifungo cha ndoa, yeye alikiona kama risiti ya dukani, na kwa kuwa ni risiti, basi ndoa haipo.

Uamuzi huo haukutoka hewani. Sheria ya ndoa ya mwaka 1902 na ile ya ndoa za Wakristo Waafrika ya mwaka 1904 zilikuwa tayari zimeweka ndoa ya kanisani na ya serikali juu, ya kimila chini. Wamisheni nao waliwataka waumini waliokwisha kuoana kwa mila waje madhabahuni waoane tena. Kwa hiyo watu wawili kuoana mara mbili wao kwa wao si kioja cha juzi. Babu na bibi zetu wengi walifanya hivyo: mara ya kwanza kwa mbuzi na ng'ombe, mara ya pili kwa pete na cheti. Na mwanamke alikuwa na sababu ya kukitaka cheti hicho. Chini ya sheria ya ndoa na talaka za Wakristo ya mwaka 1931, mjane aliyefunga ndoa ya Kikristo hakulazimika kurithiwa na ndugu wa marehemu.

Pamoja na cheti zikaja zawadi za aina nyingine. Harusi ya kanisani ilileta vikombe, sahani, sufuria, blanketi, saa ya ukutani, na baadaye meza ya kuwekea zawadi hizo zikionekana. Zawadi za aina hii huenda kwa maharusi. Hazimfanyi mtu kuwa mkwe. Baada ya uhuru ikaingia harambee, tukawa tunachangia harusi kabla haijafanyika, na M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 mchango ukaacha hata kuhitaji mchangiaji awepo. Leo harusi moja ya Kitengela hubeba mifumo yote kwa pamoja. Kuna mahari kwa wakwe, kuna mchango kwa kamati, kuna bahasha na vyombo kwa maharusi. Tunaviita vyote zawadi, na ndiyo maana kikundi chetu cha WhatsApp kilikuwa kinabishana bila kusikilizana. Mwenye sufuria alikuwa anazungumzia meza ya kanisani, shangazi alikuwa anazungumzia barabara ya Machakos.

Kisha sheria ya sasa ikaongeza fundo jingine. Sheria ya Ndoa iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2014 ilirekebisha dharau ya mwaka 1917: ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu zote sasa ni ndoa, na zote zinapaswa kusajiliwa. Kifungu cha 43 kinasema kwamba mahali mahari yanapohitajika kuthibitisha ndoa ya kimila, sehemu ndogo tu iliyotolewa kama ishara inatosha. Ni jambo jema. Lakini talaka, hata ya ndoa ya kimila, sasa ni kazi ya korti. Karatasi inaweza kuimaliza ndoa bila ng'ombe hata mmoja kusogea.

Uganda walilisukuma zaidi. Tarehe 6 Agosti 2015, katika kesi iliyoletwa na shirika la Mifumi, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba desturi ya kudai mahari yarudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba, ingawa kutoa mahari kwenyewe hakukukatazwa. Sababu ni ya haki kabisa. Mwanamke aliyekuwa akipigwa aliweza kukwama kwenye ndoa kwa kuwa baba yake alishawala ng'ombe na hana wengine wa kurudisha. Mimi ningekuwa jaji ningeamua vivyo hivyo. Hata hivyo tuelewe kilichotokea: ile alama ya zamani iliyowaambia watu wote kwamba ndoa imekwisha imeondolewa, na mahali pake pamewekwa karatasi iliyo ndani ya faili.

Huku kwetu hali ya hewa ilishafanya kazi hiyo kabla ya majaji. Ukame wa mwaka 2009 uliua mifugo mingi sana Kajiado na Ukambani. Katika ng'ombe waliotoka Isinya mwaka 2006, waliobaki hai Machakos baada ya mwaka huo walikuwa wawili. Wazazi wa bibi hawangeweza kurudisha wote hata wangetaka.

Sasa tazama hatari iliyo hapo. Wawili wameachana kortini. Wanarudiana. Wazee wa upande wa mume wanasema huyu ni mke wetu, hakuwahi kuondoka, hakuna haja ya sherehe, gharama za nini? Anachinja mbuzi mmoja, watu wanakula, maisha yanaendelea. Mbele ya wazee ni mke. Kwenye daftari la serikali ni mtu na jirani yake. Siku mume akifariki bila wosia, shangazi aliyesema ng'ombe hawakurudi huenda naye ameshafariki, na ndugu wa mume ambao jana walikula mbuzi wanaikumbuka talaka vizuri sana. Sheria yetu ya mirathi, mpaka iliporekebishwa mwaka 2021, ilimtaja hata mke wa zamani miongoni mwa wategemezi, lakini kutajwa huko kulikuwa nafasi ya kuomba. Hakukumpa nafasi ya mjane.

Zamani aliweza kuegemea dhana ya ndoa, yaani korti kuwachukulia watu walioishi pamoja miaka mingi kama wanandoa. Kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe ya mwaka 1976 iliujenga msingi huo, na wajane wengi walisimama juu yake. Lakini tarehe 27 Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi inayojulikana kwa herufi za wahusika, MNK dhidi ya POM, ilisema dhana hiyo itumike kwa nadra, iwe jambo la pekee, si kawaida. Kwa lugha ya ploti: usikae tu ukitegemea kwamba majirani watasema ulikuwa mke.

Ndiyo sababu mimi, katika kamati yetu, nilisimama na wale waliotaka harusi ifanyike hata kama ni ndogo. Shangazi alikuwa na haki juu ya ng'ombe. Ila haki yake ilikuwa inamwacha mke wa mpwa wake bila karatasi.

Wako waliopita njia hii mbali na hapa, na inafaa kuwatazama. Elizabeth Taylor na Richard Burton, waigizaji waliokuwa maarufu kuliko wote enzi zao, walioana mwaka 1964, wakaachana mwaka 1974, kisha wakaoana tena Oktoba 1975 hapa hapa Afrika, katika mji wa Kasane, Botswana. Kwa utajiri wao hakuna zawadi ambayo wangeshindwa kupeana. Mwaka uliofuata waliachana tena. Frida Kahlo na Diego Rivera, wachoraji wa Meksiko, waliachana mwaka 1939 na kuoana tena San Francisco mwaka 1940. Rivera alisimulia katika tawasifu yake kwamba Kahlo alikubali kurudi kwa masharti: atajitegemea kwa mapato ya kazi yake mwenyewe, na gharama za nyumba zigawanywe nusu kwa nusu. Safari hiyo walidumu mpaka Kahlo alipofariki mwaka 1954. Sisemi kwamba masharti ndiyo yaliyowaweka pamoja. Nasema tu kwamba watu wanaojuana kiasi hicho wanakijua walichokosa mara ya kwanza, na kitu hicho ndicho cha kupelekeana.

Kamati yetu iliafikiana hivi. Mahari hayakurudiwa, kwa maana kuyarudia kungekuwa kusema kwamba yale ya 2006 yalipotea, na wakwe wa Machakos wangeona wametukanwa: wale ng'ombe waliwapokea kwa heshima, na ukame si kosa lao. Bwana alikwenda Machakos na wazee watatu. Alibeba blanketi na leso kwa mama mkwe, koti na fimbo kwa baba mkwe, sukari na majani chai kwa wenye nyumba, na tangi la maji la lita elfu tano. Tangi lilinunuliwa kwa sababu mama mkwe ndiye aliyewalea wajukuu wakati wazazi wao hawasemezani, na maji alikuwa akiyanunua kwa mitungi. Hilo halikuwa mahari wala faini. Wazee walilipokea wakaliita shukrani, na shangazi wa bwana, aliyekuwa ameandamana nao, hakupinga.

Upande wa wachangiaji tulisema hivi: aliyetoa 2006 hadaiwi, ila aje. Anayetaka kutoa atoe kidogo, kwa jina lake, si kwa jina la kundi. Vyombo visiletwe mpaka uulizwe mwenye jiko, kwa maana nyumba ile ilikuwa na vyombo vya nyumba mbili. Na zile zawadi za harusi ya kwanza zisiulizwe. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya mwaka 2013 inasema kwamba mume au mke akimpa mwenzake zawadi wakiwa kwenye ndoa, huchukuliwa kuwa ni mali ya aliyepewa, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kama wenyewe kwa wenyewe hawatakiwi kudaiana saa na pete, sisi waalikwa tutadaije sufuria? Aliyeuliza juu ya seti yake aliambiwa kwa upole, akacheka, akatoa elfu moja.

Notisi ikabandikwa kwa msajili siku ishirini na moja kama sheria inavyotaka, wakaandikishwa. Hotuba zilikuwa mbili tu.

Kinachonibakia katika historia hii yote ni kitu kidogo: daftari la mchango. Kila kamati ya harusi huwa nalo, lile la kurasa tisini na sita, lenye mistari, jina upande wa kushoto, kiasi upande wa kulia. Baada ya sherehe watu hulisahau. Hutupwa, au watoto hulichorea. Lakini ukizisoma kesi za mirathi na ndoa za nchi hii, utaona mawakili wanavyohangaika kutafuta yaliyokuwa ndani yake: nani alikuwepo, nani alipeleka mbuzi, nani alipokea, siku gani. Wazee wanaitwa kizimbani kukumbuka mambo ya miaka thelathini iliyopita, na wengine kumbukumbu zao zimeanza kuingia giza.

Mababu zetu walihifadhi ushahidi huo kwa kumpa mtu jina la kondoo. Anayeitwa pakerr kila asubuhi hawezi kusema hakuwepo. Sisi tunaotuma mchango kwa simu tumeokoa nauli na tumepoteza mashahidi. Kwa hiyo ukialikwa kwenye harusi ya watu waliowahi kuachana, usiulize sana kama bahasha ya mara ya kwanza inatosha. Nenda, keti mahali utakapoonekana, toa hata shilingi mia mbili, na uhakikishe limeandikwa jina lako lote, si lile la utani. Mama mwenye nyumba analihitaji jina hilo kuliko sahani, maana ipo siku ataulizwa nani alimwona akiolewa.